Nilichagua kazi ya kunyamaza

Ilianza Jumatano, saa nne kasoro robo asubuhi, shuleni kwetu Fizi. Masera, mtawa anayetufundisha Kifaransa, aliuliza kila msichana: ukiwa mkubwa utafanya kazi gani? Jibu kwa Kifaransa, tena umesimama.

Wa kwanza, binti wa wavuvi wa Ubwari, alisema atakuwa kapiteni wa meli.

"We mwanamuke uendeshe meli, kitambaa chako kinapepea?" mwenzake akamtania.

"Na we utabaki ku porti unanipungia mukono!"

Rafiki yangu tunayekaa naye benchi moja alichagua ukarani, kwa sababu karani hakuna anayemtuma maji.

Zamu yangu ikafika. Nikisimama mbele ya watu ulimi unakauka kama dagaa ndakala juani, kwa hiyo nilitafuta jibu fupi. Kila muhula masera huniandikia neno lile lile kwenye karatasi ya alama: *sage*, yaani mtoto mtulivu, hasumbui mtu. Na *femme* ni mwanamke. Niliwahi kuyasikia maneno hayo mawili yakitajwa pamoja, nikajua ndiyo kazi yangu: mwanamke mtulivu. Anakaa, ananyamaza, jioni anarudi nyumbani.

"Sage-femme," nikasema.

Masera akapiga makofi. "Mumesikia? Mukunga! Mwenzenu atazalisha bamama! Kesho saa kumi na mbili nitakupeleka materniti, uanze kuona."

Mimi, ambaye kuku akichinjwa najificha nyuma ya choo! Nilitaka kusema nimekosea, lakini ningelazimika kusimama tena.

Nilipofika nyumbani, rafiki yangu alikuwa ameshapita na habari. Shangazi, mwenye mimba ya miezi minane, alinipokea mlangoni. "Mi nitakungoja we! Ule mama wa materniti mikono yake iko baridi sana."

"Mutoto hawezi hata kusalimia mugeni," mama alisema, akitwanga majani ya muhogo ya sombe, "atamwambia mama muzazi nini?" Lakini alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo lililoniumiza.

Shangazi alipoondoka nikamnong'oneza mama ukweli. Mama alicheka mpaka mchi ukamtoka mkononi. Kisha akafuta macho.

"Masera umwambie we mwenyewe. Ama uzalishe. Angalia kile kiko rahisi."

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema, nikatembea nikikariri sentensi moja ya Kifaransa: nilikosea neno. Masera alikuwa kwenye mlango wa materniti. Nikafungua mdomo. Akanipa beseni la maji, akanisukuma ndani.

Mama mmoja aliyelala kitandani kwa uchungu wa kuzaa alinikamata mkono, akanitazama.

"We unajua kusema sana?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi baki. Bale bengine banasema 'kaza, kaza' kama banavuta ngombe."

Nikabaki. Vidole vyangu vilikufa ganzi, macho nikayafumba, lakini sikuuachia mkono wake mpaka mtoto akalia. Halafu nikatoka polepole, nikazunguka nyuma ya jengo, nikatapika.

Nikanawa uso, nikarudi ndani kuchukua beseni.