Nanga ya Baba Uani Kasense

Bati lililolegea lina sauti yake pale Kasense, kiangazi upepo unapovuka uwanda: linapiga, linanyamaza, linapiga tena. Mabati yetu baba aliyanunua miaka ile malori ya wafanyabiashara yalipoanza kufuata mahindi mashambani. Alikuwa pia na nanga ya chuma ya kucha nne, aliyopanda nayo kutoka Ziwa Tanganyika alikokuwa akivua kabla ya kuoa. Kisha yeye na mama wakafariki, nami mkubwa nikaacha shule ili wadogo zangu, Tito na Agnesi, wapate kula.

Baada ya matanga, baba mdogo, aliyekuja kutoka kijiji cha Chala, alilitazama paa. "Likiezuliwa, nitawagawa kwa ndugu," alisema. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kutuacha peke yetu.

Nilifunga kamba kwenye kenchi ya paa, ncha nyingine kwenye nanga, nikaifukia kwenye tuta la bustani kama tunavyofukia nyasi zioze. Upepo wa kwanza uliing'oa kama muhogo, kona ya paa ikainuka.

Jirani yetu Mama Kabula, Msukuma aliyehamia na ng'ombe kutoka kando ya ziwa la kwao kaskazini, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Shikamoo, mama," nilisema, machozi yakinilenga.

"Marahaba. Ninyi Wafipa kila kitu mnafukia kwenye tuta. Mnasubiri iote?"

"Pale ni rahisi kuchimba."

"Na kung'oka je? Lete jembe, mwanangu."

Alichagua sehemu ngumu ya uani, iliyokanyagwa miaka yote. Tulichimba mpaka mikono ikachubuka. Akailaza nanga kama wavuvi wa kwao wanavyozilaza zao, mpini ukielekea nyumbani. "Ikivutwa, izidi kuuma," alisema.

Kiangazi kizima kamba ililia, paa likatulia. Baba mdogo aliporudi, aliivuta kamba kwa mikono miwili, akaivuta tena, akakaa kizingitini na kuomba maji. Habari ya kutugawa hakuitaja tena.

Leo nyumba ni ya tofali za kuchoma. Tito anafundisha Malangali, Agnesi huja Krismasi na wanawe. Bati likilegea tunampigia fundi simu. Sijui ni jirani gani angekuja bila kuitwa, achimbe mpaka achubuke. Mama Kabula alihama kufuata malisho. Wajenzi walinishauri niiuze nanga kama chuma chakavu, nikawaambia waiache. Pete yake imechomoza uani, na kila upepo unapoanza huwa naenda kuishika na kuivuta. Haijawahi kusogea.