Mkono wa Kulia wa Upinde

Sisi tuliolelewa kambini Nakivale, Uganda, enzi zile hatukununuliwa vitu vya kuchezea. Tulikata kisahani cha mgomba, mmoja akakivingirisha mteremkoni, wengine tukakilenga kwa mishale ya matete, huku mama zetu wakipiga kelele kwamba tutatoboana macho. Aliyekipata alitamba siku nzima. Watoto wa leo ukiwasimulia hayo wanakuonea huruma, kisha wanarudi kwenye simu zao.

Pinde zetu zilikuwa vijiti tu. Upinde wa kweli alijua kuutengeneza baba yangu, aliyejifunza kwa baba yake kule Fizi, Kongo, kabla vita havijatukimbiza. Alitafuta mti wa mkole vichakani, akaupapasa kama mtu anayenunua ng'ombe, akaukata na kuuning'iniza jikoni juu ya moshi. Ulikaa humo misimu miwili ya mvua. Tulikula maharage chini yake kila siku, mimi macho juu, maana nilikuwa nimeahidiwa kwamba upinde huo utakuwa wangu.

Kuchonga kwenyewe kulichosha hata kutazama. Baba alipara mikono yote miwili ya upinde, kwanza kwa kisu, halafu kwa kigae cha chupa, huku kidogo, kule kidogo. Nyumba yetu ilikuwa ya shitingi, yale maturubai meupe ya wakimbizi, na kwenye ukuta huo alichora kwa mkaa mstari wa jinsi upinde ulivyopaswa kupinda. Kila akipara kidogo aliufunga kamba, akaushikilia penye mstari, ncha zikielekea chini, akatazama.

"Usinikimbize, mutoto wangu," alisema. "Muti iko na fasi yake ya kupinda. Ukikata mingi, hauwezi kurudisha."

Alikuwa mgonjwa wa kifua. Asubuhi moja, kazi ikiwa imebaki kidogo, alikwenda zahanati ya Base Camp na kuniachia neno moja: "Usiiguse mpaka nirudi." Nami kwa kimbelembele changu nikataka akute imekwisha, apumzike.

Jua lilipopanda nikauweka upinde penye mstari. Mkono wa kushoto ulilingana nao, wa kulia ulikuwa mgumu, haukushuka hadi kuufikia. Nikapara. Bado. Nikapara tena, jasho likinitiririka. Sikujua kwamba shitingi ikipata joto hulegea, na kwamba upande ule ulikuwa umening'inia pamoja na mstari wake. Jioni baridi ilipoingia ukuta ukakaza, mstari ukarudi juu, na mkono wa kulia wa upinde wangu ukawa mwembamba ovyo.

Baba alirudi amechoka. Aliuvuta kwa kidole kimoja, ukapinda wote upande mmoja, naye akakaa chini. Nilitamani anichape yaishe.

"Hii ni ya kufukuza kuku," alisema mwishowe. Baadaye, tukiwa tunakula: "Tutaweka ingine mu moshi."

Na kweli, juma lile lile alirudi vichakani, akapapasa miti akikohoa, akachagua mmoja, akauning'iniza. Kabla haujakauka, kifua kilimshinda, tukamzika.

Sasa naishi Mbarara, natengeneza vitanda. Mashine inaranda ubao pande zote sawasawa kabla hujamaliza kupiga chafya, lakini jioni nikifika nyumbani mgongo sina. Enzi zile tulisubiri mti miezi na miezi, wala sikumbuki tukichoka hivi.

Mti ule wa pili ninao, umesimama nyuma ya kabati, mkavu kabisa. Majuzi mwanangu alinionyesha kwenye simu jinsi mtu fulani wa mbali anavyochonga upinde.

"Papa, tuanze basi. Ni rahisi!"

Nikamwambia nimechoka, labda kesho. Nimechoka kweli, sikumdanganya. Ila naogopa pia. Ule wa kwanza niliuharibu, baba akaenda kunitafutia mwingine. Huu nikiuharibu, hakuna tena mti uliopita mikononi mwake.