Chumba Ambacho Wifi Hakukipangisha

Wifi yangu namwita Bi Kufuli, na hakasiriki. Tangu kaka yangu afariki, hakuna neno linalomkasirisha wala kumfurahisha. Ukimtania anakutazama kama anayesubiri lifti, kisha anaendelea kukunja mashuka. Tunafanya kazi wote kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja. Mimi nilihamia nchi hii kwanza, yeye akanifuata baada ya msiba.

Jina alilipata hivi. Nyumba waliyojenga na kaka ina vyumba vinne. Wifi alipoondoka kuja huku, vitatu alimpangishia fundi cherehani na familia yake. Cha nne, walichokuwa wakilala wao wawili, alikipiga kufuli na vitu vya kaka vyote humo ndani. Miaka imepita, hakuna aliyekanyaga. Nimemwambia mpaka nimechoka kwamba anapoteza pango bure. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka huu alipata kibali cha kuishi hapa moja kwa moja, nami nikamburuta kwa mhasibu, mama mmoja mpole mwenye ofisi juu ya duka la viatu. Akatueleza taratibu: ukishahamia hapa, serikali ya hapa inataka kujua mapato yako yote, hata pango la nyumba uliyoiacha kwenu.

"Lakini kule nakatwa kodi tayari," wifi akasema.

"Niletee risiti. Uliyolipa kule inapunguzwa kwenye ya hapa. Ya hapa ikiwa kubwa, unaongeza tofauti tu."

Nilikuwa nimekwenda nimejifunga kibwebwe, kumbe hakuna wa kugombana naye.

"Na gharama za matengenezo zinatolewa kwenye mapato pia," mhasibu akaendelea. "Umesema uliezeka upya. Vyumba ni vingapi?"

"Vinne. Nimepangisha vitatu."

"Basi hatuwezi kutoa gharama yote ya bati, ni sehemu ya hivyo vitatu. Cha nne anakaa nani?"

Wifi akafunga zipu ya mkoba wake.

"Ni chako? Ukienda unalala humo?"

"Sijaenda."

"Nauliza kwa sababu nitaulizwa. Mtu akijiwekea chumba kule, wanaweza kutaka kujua kama amehama kweli. Niandike unakitumia, au unakipangisha?"

Nilimkanyaga mguu chini ya meza, aseme lolote tuondoke. Alinitazama mimi, si mhasibu. Uso mkavu.

"Nitakuletea jibu kesho," akasema.

Njiani akaniuliza, "Wewe unasemaje?"

"Mimi tena? Fungua, mtu apate pa kulala. Maji yakimwagika hayazoleki." Nilijiona nimenena.

"Haya," akasema.

Kesho yake wakati wa mapumziko alimpigia fundi. Simu aliiweka juu ya rundo la mataulo, sauti wazi, maana mikono yake ilikuwa imelowa.

"Fundi, kata kufuli la kile chumba. Kuanzia mwezi ujao nacho nakupangisha, bei tutaelewana."

"Kweli, mama?"

"Kweli."

Tukasikia chuma kikigongwa, kisha mlango ukilalamika. Fundi akaingia. Aliporudi kwenye simu alikuwa ameshusha sauti.

"Mama, nguo za mzee zipo zote. Nizifunge nikuwekee?"

"Zinakutosha?"

"Mashati ndiyo. Suruali ndefu kwangu."

"Zikate."

Alisema vile vile kama anavyosema shuka hili lina doa. Akamuaga, akajifuta mikono, akanisogezea ncha mbili za shuka tukunje.

Mimi nikashindwa kukunja. Mtu niliyemcheka miaka yote, na sasa nilitaka nimrukie nimnyang'anye simu. Kaka yangu wa tumbo moja, suruali zake zinakwenda kukatwa, na mimi ndiye niliyesema fungua.

"Wifi," nikamwambia, "hata shati moja la kaka hukuniwekea?"

Akanitazama.

"Mimi siku ya mazishi nilimaliza," akasema. "Nguo ningezigawa wiki ile ile. Nilikufungia wewe. Nikasema huyu dada mtu, siku moja ataomba aingie achague. Hukuomba. Jana nimekuuliza tena."

Machozi yalinitoka mbele ya wenzetu wote, wala sikujificha.

"Shika ncha zako vizuri," wifi akasema. "Shuka linaburutika."