Rudi, Chura

Jina la Chura hakupewa kwa ubaya. Alipokuwa mtoto aliogelea zaidi kwa mtindo wa chura kuliko mtindo mwingine wowote, magoti nje nje, na kocha wake, bwana mnene asiyeachana na filimbi yake, akamwita hivyo siku ya kwanza. Hata alipokuwa mtu mzima, medali zimejaa droo ya kabati la vyombo, bwawani hakuitika jina jingine.

Mama yake, fundi cherehani, hakutaka hata kusikia habari za maji. Utotoni mwake, kaka yake alichukuliwa na mto yeye akitazama. Alimruhusu Chura kuogelea kwa sharti moja tu, kwamba yeye mwenyewe awepo. Basi akawa anakaa benchi la mbele, taulo mapajani, amejikunja kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Katika shindano la kwanza la maana, Chura alipoanza kwenda zake kwenye kina kirefu, mama alisahau kama kuna watu. Alisimama juu ya benchi, taulo likaanguka, akapiga kelele, "Rudi! Rudi, mwanangu!"

Wakati uleule Chura akagusa ukuta, akageuka, akarudi kwa kasi ambayo kocha hajawahi kuiona. Akashinda, wenzake wakimfuata kwa mbali.

Watu wakaamini mama yule ana utaalamu wake. Shindano lililofuata, kila mtoto alipogusa ukuta, wazazi wote wakapaza sauti: rudi, rudi! Mama akaona aibu kuwaeleza kwamba alikuwa anamwita mtoto atoke majini. Kocha alijua, akamnong'oneza, "Mama Chura, usithubutu kuwaambia. Woga wako unatuletea medali."

Miaka ya ubingwa ikaenda hivyo. Chura alishinda nyumbani na ng'ambo, na rekodi yake ikakaa juu ya mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo mpaka rangi ya herufi ikachakaa. Mabega yalipoanza kumsumbua akastaafu, akawa kocha. Rekodi ilikuja kuvunjwa na binti aliyemfundisha mwenyewe, na siku hiyo Chura alipiga kelele za "Rudi!" mpaka sauti ikamkauka. Alilia kidogo bafuni, kisha akawanunulia wote soda.

Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Nusu ya mtaa ilijua kuogelea kwa mkono wake, lakini mama yake hajawahi kulowesha hata kidole cha mguu.

Mpaka asubuhi moja mama alipotokea bwawani na vazi la kuogelea alilojishonea, la mikono mirefu, lenye mfuko kifuani. Chura akauliza mfuko wa nini.

"Wa leso. Nikipiga chafya mbele za watu, nitajifuta na nini?"

Alianza kwa kushika ukingo, kisha kibao cha povu, kisha mikono ya mwanawe, huku akilalamika kwamba maji hayana adabu, yanaingia puani bila hodi. Siku moja akasema aachiwe. Chura akamwachia. Mama akapiga miguu, magoti nje nje, na badala ya kwenda ukuta wa karibu akapinda kuelekea kina kirefu.

Bingwa mzima akapaza sauti.

"Rudi, mama! Rudi!"

Watoto waliokuwa ukingoni wakadhani ni shangwe, wakadakia kwa pamoja. Mama akagusa kamba inayotenga kina kirefu, akageuka, akarudi taratibu, leso ikielea nyuma yake. Alipofika akashika bega la mwanawe, akahema, akacheka.

"Sasa umejua," alisema. "Mimi nilikuwa sikushangilii."

"Nilijua tangu siku ile, mama."

"Ulijua?"

"Sasa unadhani nilikuwa nakimbilia nini kurudi?"

Mama akamtazama, maji yakimchuruzika usoni.

"Haya," alisema, "kanichukulie leso yangu kabla haijazama. Na usikawie."