Heshima ya mikono miwili

Alhamisi nilikuwa dirishani kwenye ofisi moja ya serikali mtaa wa Al Khuwair, nnataka muhuri kwenye vyeti vyangu. Maombi ya kazi yalikuwa yanafungwa siku hiyo hiyo, saa nane mchana. Karani ndo kwanza karudi kutoka Korea, safari yake ya mwanzo, na simu yake inazunguka meza hadi meza.

"Kimchi ni achari ya kabichi tu, lakini wallahi inachoma," alimwambia mwenzake. Akamwonyesha picha kwenye kasri la wafalme, kavaa joho la kukodi. "Ukivaa hivi unaingia bure."

"Mashallah, mfalme wa bure," mwenzake akamtania.

"Na watu wana adabu, ya akhi. Kitu wanakupa kwa mikono miwili, wanainama. Sisi hatuna heshima kabisa."

Nikamwambia, "Akhi, samahani, saa saba na nusu hii."

Akavivuta vyeti vyangu, akaviweka chini ya simu, akamalizia picha za tambi. Kisha akasimama, akanirudishia kwa mikono miwili, kichwa kakiinamisha.

"Sorry sana, ukhti. Mwenye muhuri katoka sasa hivi. Kesho Ijumaa na Jumamosi tunafunga, njoo Jumapili."

Kenda hadi nchi iliyojijenga kwa kuchapa kazi, alichobeba ni kuinama. Ningemtukana kwa lugha tatu, na zote nimezisomea. Lakini kazi hii ishanipita, na kwa nyengine muhuri bado nautaka, Jumapili nnamhitaji tena, khalas, nikavipokea vyeti vyangu na mimi nikamuinamia.