Mawe Matatu ya Mraba wa Nne

Binti yangu aliniambia mapema, tukiwa bado nyumbani Noonkopir, kwamba huko kwenye uchimbaji yeye si mtoto wangu. Yeye ni kiongozi, mimi ni mjitolea. Nilikubali. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilimlea kwa ukali.

Alikuwa anasomea mambo ya kale chuo kikuu, na alichimba mahali fulani nyuma ya Kimuka ambapo aliamini wafugaji wa zamani waliishi. Ili apate shahada yake alihitaji kuonyesha kwamba watu walikaa pale, si kwamba walipita tu. Alihitaji jiko. Wiki tatu zilikuwa zimekwisha na alichopata ni mifupa ya mbuzi na vigae. Mjitolea mmoja alipougua, binti yangu akaniomba niende. Nimestaafu ualimu, na mgongo wangu bado mzima.

Nilipewa mraba wa nne, mita moja kila upande, umezungushiwa uzi. Nikapewa mwiko wa fundi na brashi ya rangi. Nimelima tangu nikiwa darasa la kwanza na hakuna mtu aliyewahi kunipa brashi.

"Kwangua pole pole," akasema. "Ukiona kitu, usiguse. Niite."

Kwetu Machakos jiwe si kitu. Ukilipata shambani unalitoa, unalipanga kwenye mpaka, unaendelea. Mama yangu alimpima mtu kwa mpaka wake. Kufikia saa sita nilikuwa nimepata mawe matatu, kila moja kubwa kama kabichi. Niliyatoa, nikayapiga brashi, nikayapanga kando ya uzi kwa mstari. Kisha nikamwita aone mraba ulivyo safi.

Aliangalia mawe. Akaangalia majivu yaliyobaki katikati ya mashimo matatu.

"Mum, hizi mawe zilikuwa wapi?"

"Ndani. Nimekutolea."

Akakaa chini kwenye udongo. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema hakuwa amepiga picha wala kupima, na mwalimu wake angefika kesho asubuhi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini nilikuwa nimechimba sentimita kumi tu.

Sayansi yake siijui. Mafiga nayajua, nimeyapikia miaka mingi. Nikageuza jiwe moja nikaona upande mmoja ni mwekundu na una nyufa. Nikamwambia upande huo ndio ulitazama moto. Tukajaribu kila jiwe katika kila shimo bila kulazimisha. Mashimo yalikuwa bado yana umbo lake, na la mwisho lilipokaa, pande zote nyekundu zilielekea kwenye majivu. Akapiga picha, akapima. Hakusema asante.

Kesho yake mwalimu wake, mzee mwenye kofia pana, alichuchumaa kando ya mraba kwa muda mrefu. Akauliza kama mawe yalipatikana hivyo. Binti yangu angeweza kusema ndiyo. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kunyamaza.

"Hapana," akasema. "Zilitolewa jana."

"Na nani?"

Nikaanza kusafisha mwiko uliokuwa safi.

"Na mamangu."

Mzee akanitazama. "Na nani akazirudisha?"

"Ni yeye pia."

Mzee akasema jiko ni jiko, lakini aandike yote mawili. Binti yangu akaandika palepale, kwa wino. Nilijivunia mtoto wangu.

Mzee alipoondoka, nilihamishiwa kwenye chekeche. Nilichekecha hadi siku ya mwisho. Kila nilipoona jiwe nilimwita, hata likiwa dogo kama harage, na kila mara aliacha kazi yake akaja kuangalia.