Ukuta Juu ya Mlango wa Mama

Mama alirudi nyumbani kijijini Myamba akiwa na vyuma kwenye nyonga na kitimwendo kipya, na siku hiyohiyo tukagundua kwamba kitimwendo hakipiti kwenye mlango wa chumba chake. Kiligota. Kaka yangu akakirudisha nyuma, akakielekeza upya, akasukuma tena. Magurudumu yakakwaruza fremu pande zote mbili. Mama alikuwa amekaa juu yake, kanga mbili magotini. Mwishowe kaka alimwinua mikononi kama unavyomwinua mtoto aliyesinzia, akamlaza kitandani, na mimi nikakikunja kile kiti nikakiingiza kitupu.

Kuanzia hapo Mama hakutoka chumbani. Si kwamba alizidiwa. Hospitali walikuwa wamemfundisha kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, lakini hakutaka hata kujaribu. Nilipombana sana aliniambia kwa sauti ya chini, kaka asisikie, "Mtoto wa kiume niliyemzaa mwenyewe anibebe kila nikitaka kuoga? Acha nikae humu humu." Akaletewa chakula, akaletewa ndoo. Majirani waliokuja kumjulia hali walimwamkia kupitia nondo za dirisha kama mahabusu.

Mimi naishi Same mjini, nashona sare za shule. Nyumba yetu ya pale Same tuliijenga wenyewe, mimi na mume wangu, chumba baada ya chumba, kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kuchanganya zege na kukunja nondo kwa mikono yangu. Ujuzi huo ulinipa ujasiri. Haukutosha kunipa woga. Nilimwambia kaka tupanue mlango.

"Ukuta huu aliuinua marehemu baba," alisema. "Hauguswi."

"Hauguswi na nani? Mama amefungiwa ndani."

"Nani amemfungia? Mimi?"

Hapo nikajua nimemchoma. Kaka ndiye anayekaa naye, nyumba yake iko hatua chache tu kutoka ya Mama, na mpango wake ulikuwa kujenga chumba kipya pembeni, chenye mlango mpana, pindi atakapopata nafasi. Mimi nilikuwa mgeni wa likizo niliyekuja na maoni. Tulibishana mpaka wifi yangu, mke wake, akatuambia sauti zinafika barabarani. Asubuhi yake kaka alileta nyundo, akaiweka mezani bila neno, akatoka kwenda kukamua ng'ombe. Ndivyo alivyokubali.

Nikamwambia Mama tumhamishe kwanza, vumbi litakuwa jingi.

"Nimevuta moshi wa jiko tangu msichana. Vumbi litanifanya nini?"

"Mwache," kaka alisema kutoka sebuleni. "Kazi yenyewe ni ya saa moja."

Nikamwacha. Nilimuuliza Mama tu, juu ya mlango baba aliweka nini, chuma au mti. Akafikiri. "Sijui. Mimi nilikuwa nachota maji ya kukandia tope. Juu sikupanda."

Nyumba ile ni ya matofali ya kuchoma yaliyoshikanishwa kwa tope, kisha miaka ya baadaye ikapigwa plasta ya simenti. Plasta nzuri, iliyonyooka, na ndiyo iliyotudanganya. Anayetaka kupanua mlango aanze kwa kubandua plasta ya juu ya fremu, aone kwa macho yake ni kitu gani kimebeba ukuta. Kisha aweke viegemeo, ndipo aguse kitu kingine. Mimi nilianzia ubavuni. Nilichomeka tindo kati ya fremu na ukuta, nikapiga nyundo. Nikapiga tena. Fremu ikasogea kidogo, nikafurahi.

Halafu nikasikia mlio juu ya kichwa changu, kama mtu anayevunja muwa kwenye goti. Kipande cha plasta kikubwa kama sinia kikaanguka miguuni pangu. Nilipoinua macho, vumbi jekundu lilikuwa linamwagika, na nyuma ya vumbi niliuona mti ambao baba aliulaza juu ya mlango. Mchwa walikuwa wameula wote. Ulibaki maganda maganda, umepinda katikati, umeikalia fremu. Kumbe kwa miaka yote hiyo si mti uliokuwa umebeba ukuta, ni fremu ya mlango. Na juu ya ukuta ule zilikuwa zimekaa kenchi za paa na bati lote la upande wa chumba cha Mama. Ufa ulitoka kwenye kona ya fremu, ukapanda kuelekea darini nikiutazama.

Kaka aliingia mbio, akanyoosha mikono miwili kuishika fremu.

"Toka hapo! Huwezi kuuzuia kwa mikono!"

"Mama yumo ndani!"

"Kuna nini?" Mama aliita. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, mbali na mlango. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo.

"Mama, usisogee. Kaa hapo hapo kitandani."

Kaka alitaka kupita, amchukue, atoke naye. Nilimkamata shati kwa mikono yote miwili. Nikamwambia kwamba akirudi amembeba, bega lake au mguu wa Mama ukigusa ile fremu, ukuta utawashukia wote wawili. Alinigeukia kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake. Nilidhani atanipiga. Kitambaa cha shati kilianza kupasuka mkononi mwangu.

"Dirisha," wifi alisema kutoka nje. "Kateni nondo za dirisha."

Kaka akaenda kukata. Mimi nilichukua chaki yangu ya kushonea, nikapanda kwenye kiti cha sebuleni, nikachora mstari mwembamba pale ufa ulipoishia. Ukitaka kujua kama ufa umelala au unatembea, usiuamini moyo wako, uwekee alama. Nje nilisikia msumeno wa chuma ukikwaruza, ukikwaruza, kisha ukakatika. Kaka akatoa tusi nililolisikia mara ya mwisho tukiwa watoto. Wifi alikimbia kwa jirani kuomba wembe mwingine wa msumeno. Nilipotazama chaki, ufa ulikuwa umeipita kwa upana wa kidole. Nikachora mstari wa pili.

"Mbona mmenyamaza?" Mama aliuliza.

"Tunakata dirisha, Mama."

"Dirisha limekosa nini?"

Nikamweleza ukweli, kwamba mti wa juu ya mlango umeliwa na mchwa na ukuta unashuka. Baadaye nilimsikia akiongea taratibu kwa Kipare, si na mimi.

Bahati ni kwamba kaka alikuwa amekata mirunda, nguzo za mgrivelia, kwa ajili ya banda la ng'ombe, imekauka vizuri, imelundikwa nyuma ya nyumba. Nondo mbili zilipotoka, nilijipenyeza dirishani nikaangukia kitandani kwa Mama. Wifi akanipitishia mirunda miwili, vipande vya mbao, kisu, nyundo na kabari alizozichonga kaka kwa panga. Mama alitazama vitu vyote hivyo vikipita juu ya shuka lake. Kumtoa kwa njia ile haikuwezekana, nyonga isingekubali kupindishwa hivyo. Ilibidi ukuta usimame naye akiwa ndani, na sasa na mimi nikiwa ndani.

Niliuwekea ufa alama ya chaki upande ule pia, kisha nikamwita kaka, akajibu kutoka sebuleni, upande wa pili wa ukuta. Tulipatana kwamba hakuna anayegonga tena ukuta kwa nyundo. Tope halihitaji kugongwa. Tulilikwangua kwa visu, mimi upande wangu, yeye upande wake, kuzunguka tofali moja lililo juu ya ule mti, mpaka likalegea tukalichomoa. Kupitia tundu lile niliona jicho la kaka. Akasukuma gogo fupi, nene, mpaka likatokeza upande wangu. Kazi ya gogo hilo ilikuwa kuubeba ukuta kama mtu anavyobeba ndoo mbili kwa mti begani, na kila ncha yake ilitakiwa isimamiwe na mrunda. Chini ya mrunda unalaza ubao, usitoboe sakafu, na kati ya mrunda na ubao unapachika kabari mbili zinazoelekeana. Ukizigonga taratibu, mrunda unainuka nywele kwa nywele mpaka unabana. Ukigonga kwa nguvu, unauinua ukuta wote na kuuvunja.

Tatizo ni mikono. Mmoja ulishika gogo lisiteleze, mwingine ulishika mrunda usianguke. Kaka alikuwa na wifi wa kumgongea kabari za upande wake. Mimi sikuwa na mtu.

Nyuma yangu nikasikia kitanda kinalia. Nikageuza shingo. Mama alikuwa ameshusha miguu, anajivuta kuelekea kwenye kitimwendo, meno yameuma kanga.

"Mama, hapana! Kaa!"

"Nyamaza, shika mti wako."

Sikuweza kumsaidia, maana ningeachia kila kitu. Nilimsikia anahema, nikasikia kiti kinagonga ukuta, nikadhani ameanguka. Halafu magurudumu yakaanza kusogea. Akaja mpaka ubavuni pangu, chini ya ufa, vumbi likimdondokea kichwani. Akainama kwa upande wake mzima, akaiokota nyundo sakafuni.

"Nigonge wapi?"

"Kabari ya kulia. Polepole, Mama. Kama unapasua karanga hutaki kuponda kiini."

Akagonga. "Sasa ya kushoto." Akagonga.

"Nani anagonga huko?" kaka aliuliza kutoka upande wa pili.

"Mimi," Mama alisema.

Baada ya muda nikasikia kabari zao nazo zikigongwa, kwa mwendo uleule, tik, tik, kama wanajibizana. Mrunda ulianza kutetemeka mkononi mwangu, kisha ukaacha kutetemeka. Nikaachia kidole kimoja kimoja. Ulisimama wenyewe. Tukafanya vivyo hivyo kwenye kona nyingine ya mlango, kwa gogo jingine, na Mama hakukubali kumpa mtu nyundo.

Tulipomaliza hatukushangilia. Tulikaa tukiutazama mstari wa mwisho wa chaki. Makande aliyobandika wifi yaliungua, harufu ikatufikia, hakuna aliyeinuka. Ufa haukuupita mstari. Ndipo kaka akainama, akapita katikati ya mirunda, akaja kusimama mbele ya kiti cha Mama, mikono imejaa tope, hajui aiweke wapi.

Mama alimwangalia. "Nibebe basi," alisema, akajifunika uso kwa kanga.

Akambeba mpaka nyumbani kwake, na alilala huko mpaka kazi ilipokwisha.

Kazi yenyewe tuliifanya mimi na kaka kwa maneno machache. Tulitoa mti wa baba, ukavunjikia mikononi kama mkate mkavu. Tulipanua mlango, tukajenga upya kingo zake kwa matofali tuliyoyaloweka kwanza kwenye maji, maana tofali kavu hunywa maji ya simenti na kuiacha unga. Kisha tukamwaga linta, boriti ya juu ya mlango, ya zege yenye nondo, tukahakikisha kila upande inaukalia ukuta kwa zaidi ya shubiri. Tukaifunika kwa magunia mabichi, na wifi akawa anayamwagia maji asubuhi na jioni, ingawa huko milimani ukungu peke yake karibu ungetosha.

Siku ya gulio, nikiwa nimesharudi Same, kaka alinipigia simu akitaka mirunda yake, banda linamngoja. Zege lilikuwa gumu, alisema, amelipiga ngumi mwenyewe. Nilimkatalia. Nje huwa gumu upesi kuliko ndani. Akakata simu. Lakini nilipopanda tena Myamba wiki kadhaa baadaye, niliikuta mirunda yote mahali pake. Tulilegeza kabari pamoja, kidogo kidogo, masikio yakiwa ukutani. Hakuna kilicholia.

Mlango ule si mzuri. Plasta mpya haifanani na ya zamani, na umetundikwa pazia la kitenge mpaka leo kwa sababu ubao wa upana huo haujapatikana. Kaka bado anasema ingekuwa salama zaidi kujenga chumba kipya, na mimi bado namwambia chumba hicho kingejengwa lini. Ugomvi huo haujaisha, tumeuzoea tu.

Mama alipita mlangoni akijisukuma mwenyewe, akavuka sebule, akafika mlango wa mbele, akasimama. Mbele yake kulikuwa na ngazi za kushukia uwanjani. Sote watatu tulizitazama kana kwamba zimejengwa usiku ule. Hakuna aliyekuwa amezifikiria.

Kaka alikwenda kuleta mchanga na simenti iliyobaki. Akajenga mteremko bila kuniuliza, mfupi na mkali kama paa. Nilisita, kisha nikamwambia kaka kwamba Mama atashuka nao kama gunia la viazi. Nilitegemea anikaripie. Akaegemea koleo.

"Haya, uweje?"

"Kila shubiri moja ya kimo, urefu wake shubiri kumi na mbili."

Akapima kwa macho kutoka kizingitini, akaonyesha kwa koleo. "Hiyo itafika kwenye maharage."

"Itafika."

Akauvunja ukiwa bado mbichi, akaanza upya. Ulifika kweli kwenye maharage. Wifi aling'oa mistari miwili, akatutazama sote kwa zamu, akaenda kuyamenya jikoni.